Koti Lililopigiwa Mwano

Habari iliyonitangulia kuwafikia, kwamba niliibiwa Tanzania nikanusurika kuuawa na watu wenye mishale, mishale ilikuwapo kweli, lakini hayo mengine yamekaa vibaya. Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mara nimesimulia kipande tu. Sasa naandika yote mara moja. Mambo ya pasi, mihuri na jinsi nilivyopata kazi ile nayaruka. Inatosha kujua kwamba mhadhiri wangu wa zamani alitaka mtu wa kwenda Bariadi kuwauliza wakulima wa pamba wanavyochagua mnunuzi, kwa sababu ushirika ulikuwa haununui tena peke yake na makampuni ya watu binafsi yalikuwa yanaingia na mizani zao. Inatosha pia kujua kwamba mimi, kama wengi wenu, nilikuwa na digrii na sina kazi.

Mnanijua. Nikifunga mlango naenda hatua chache, kisha narudi kuhakikisha nimeufunga.

Voi hadi Sirari

Baba alinisindikiza stesheni ya Voi akiwa amenibebea koti. Ni lile jeusi alilonishonea kwa fundi nilipohitimu. Baba anaamini kwamba mtu akiingia ofisini na koti hukaribishwa kiti kabla ya kuulizwa shida yake. Nilikuwa nimeomba kazi mahali kadhaa na nilitarajia kuitwa wakati wowote, kwa hiyo koti lile ndilo lilikuwa mtaji wangu. Nilihofia kulikunja ndani ya mfuko. Nikalivaa kutoka Voi hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Kisii, joto na mvua, bila kulivua.

Ndani ya basi la kutoka Kisii mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi alinitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mwalimu, unakwenda kuzika nani?"

Nikamwambia siendi kuzika. Hakuniamini. Alinipa ndizi mbili na kuniambia Mungu ndiye mpangaji.

Upande wa pili wa mpaka, Sirari, niliingia hotelini nikaagiza chai. Nililetewa maji mekundu yenye tangawizi. Nikamwambia mhudumu kwamba amesahau maziwa.

"Hukusema maziwa," akajibu.

"Nimesema chai."

"Ndiyo hiyo. Chai ni chai. Ukitaka ya maziwa useme ya maziwa, kaka."

Nilikunywa hivyo hivyo. Nikakaa nikifikiri kama nimemkosea, na kama wote waliokuwa mle ndani wamenitambua kuwa mgeni. Bila shaka walikuwa wamenitambua tangu mlangoni. Lugha ni moja, lakini kila nilipofungua kinywa mtu fulani aligeuka.

Sirari hadi Mwamanyili, ambako sikuwa nakwenda

Bariadi haiko kando ya barabara kuu. Unashuka njia panda ya Lamadi, halafu unatafuta usafiri mwingine wa kuingia ndani. Nilimwambia kondakta jambo hilo tulipoondoka. Nilimkumbusha Tarime. Gurudumu lilipotoboka tukakaa chini ya jua tukisubiri lizibwe, nikamkumbusha tena. Niliogopa sana kupitishwa hata nikakataa kusinzia njia nzima, na nadhani ndiyo sababu tulipofika Bunda usingizi ulinichukua kama mtu aliyepigwa rungu.

Niliamka ziwa likiwa karibu na jua likiwa limeinama. Nikauliza Lamadi bado.

"Lamadi?" kondakta akashangaa. "Mkenya, nimepiga kelele Lamadi, Lamadi, mpaka koo limekauka!"

"Nilikuomba unishushe!"

"Sasa mtu aliyelala nitamshushaje? Nimrushe dirishani kama gunia?"

Basi zima likacheka. Nilishushwa Mwamanyili na mizigo yangu, mbele ya duka dogo la chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mwenye duka, mtu mzima aliyevaa kanzu fupi ya kazini, alisikiliza shida yangu na kusema magari ya kurudi Lamadi yamekwisha, nitalala kwake. Mke wake hakungoja nijibu. Aliuchukua mfuko wangu, akaingia nao chumbani kwao, akafunga.

Walinikirimu vizuri. Tulikula matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, pamoja na karanga na maziwa mgando. Baba mwenye nyumba alinieleza kuhusu mpunga wake na mvua iliyochelewa. Mimi nilikuwa naitikia huku nikiuwazia mfuko. Kwa nini chumbani kwao? Kwa nini kufunga? Nikavaa koti na kulala nalo. Asubuhi mfuko ulitolewa ukiwa mzito zaidi, kwa kuwa mama alikuwa ametia ndani kifuko cha michembe, viazi vilivyokatwa vipande vikakaushwa, vya kutafuna njiani. Kila kitu changu kilikuwamo. Niliona haya kidogo, lakini haya hiyo haikunifundisha chochote, kama mtakavyoona.

Mwamanyili hadi Somanda

Nilirudishwa Lamadi na gari la samaki, na kutoka hapo nikapata lori tupu lililokuwa linakwenda Bariadi kuchukua pamba. Tulikaa juu, watu sita na pipa moja la dizeli. Nchi ile ni tambarare, na upepo wake una vumbi jepesi linaloingia hata kwenye meno. Tulipofika nilikuwa nimebadilika rangi, koti na mimi.

Mzee Nkwabi, baba wa nyumba niliyokuwa nimepangiwa kukaa, alikuwa pale stendi na baiskeli yake. Alikuwa amekuja tangu jana yake. Sikuweza kumweleza kilichonipata bila kujionyesha mjinga, nikasema tu gari liliharibika.

"Pole," akasema. "Umefika. Twende nyumbani."

Nyumba yake iko pembezoni mwa Somanda, pale nyumba za mji zinapoishia na mashamba ya pamba yanapoanza. Mkewe, Mama Holo, alipika ugali wa mtama na samaki. Binti yao Holo alikuwa ameolewa na anaishi mbali. Nyumbani alibaki mtoto wao wa kiume, Sayi, aliyenizidi mwaka mmoja hivi. Sayi alikuwa mkimya, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa amemaliza kidato cha nne akarudi shambani. Kilikuwapo chumba kimoja tu chenye mlango wa kutazama uani, nacho kilikuwa cha Sayi. Alinipa. Yeye akahamia ghalani, akalala juu ya pamba.

"Huko ndiko kuzuri," akaniambia nilipokataa. "Godoro la mtu tajiri."

Siku ya kwanza Mzee alinitembeza. Njiani tulipishana na mwanamume mwenye ndoo ya maji. Nikamwamkia. Alishtuka, akainamisha kichwa, akapita bila kujibu. Wanawake waliokuwa kisimani walinyamaza mpaka alipopotea.

"Yule usimwamkie," Mzee akasema. "Ametengwa. Alikutwa na ndama wa watu. Hapewi moto, hauziwi chumvi, hazikwi na mtu. Mpaka sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, waseme basi."

"Na polisi?"

"Polisi wapo. Lakini hapa mtu akiibiwa, unapigwa mwano, yowe la kuwaita watu. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha chakula, unatoka na silaha yako. Usipotoka, kesho unaulizwa ulikuwa upande wa nani."

Nilielewa kwamba ni mambo ya ng'ombe. Nikashukuru kwamba mimi sina ng'ombe.

Kisha akanitazama na kusema, "Wewe umelala kwangu na umekula kwangu. Wewe ni mwanangu. Wa nyumba hii watakuchukua hivyo hivyo."

Niliitika kama mtu anavyoitikia maneno ya ukarimu. Sikujua kwamba amenipa cheo chenye kazi zake.

Somanda

Kazi ilikwenda vizuri. Wakati wa kuvuna pamba watu wako shambani tangu alfajiri, na mimi niliwafuata huko, nikachuma nao huku nikiuliza. Walikuwa na mengi ya kusema kuhusu wanunuzi wapya, jinsi kila mmoja anavyokuja na turubai lake na kuita, na jinsi zamani ulikuwa na mahali pamoja tu pa kulalamikia. Niliporudi jioni, Mama Holo alinitania kwamba nachuma pamba kama mtu anayetoa miiba mguuni.

Siku moja alikuja Jilala. Huyu ni mtoto wa dada yake Mzee, kijana mrefu wa mdomo mwepesi, mwenye baiskeli mpya aliyoinunua kwa pamba ya mwaka ule, na aliyekuwa mbioni kuoa. Alinikuta tunakula. Aliponawa tu, akasema kwa sauti, "Mjomba, huyu mtoto wako mpya mbona kichwa kikubwa hivi? Huko Kenya wanawatilia mbolea?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilitabasamu kwa adabu. Kwetu siku zile utani wa kabila hili na kabila lile ulikuwa umeanza kuisha utamu, na mwili wangu ulikuwa umejifunza kutega sikio. Kabla sijajua nijibu nini, Jilala alinyoosha mkono, akachukua kipande cha nyama kilichokuwa mbele yangu, akakila.

Nikafikiri ana njaa. Nikamsogezea bakuli lote.

Kicheko kikakatika. Jilala akanitazama, akamtazama Sayi, kisha akalirudisha bakuli polepole, kama mtu aliyerusha mpira na mwenzake akauacha upite.

"Bado hajazoea," Sayi akamwambia.

Mama Holo aliondoka siku chache baadaye kwenda kwa Holo, aliyekuwa karibu kujifungua. Tukabaki wanaume watatu. Na katika siku hizo hizo, nikirudi kutoka shambani, nilifungua chumba nikakuta msumari niliokuwa nimelitundikia koti uko mtupu.

Nilitazama chini ya kitanda. Nilitoa vitu vyote mfukoni, nikavirudisha, nikavitoa tena. Nikatoka uani, Sayi alikuwa anamnywesha ng'ombe.

"Sayi, umeliona koti langu?"

Hakugeuka. "Limepata miguu," akasema. "Labda limekwenda kutafuta mchumba."

Na akacheka peke yake.

Nawaomba mjiweke mahali pangu. Ni nani aliyekuwa na sababu ya kuingia chumba kile? Ni chumba chake. Ni nani aliyeniuliza wiki ya kwanza kama kitambaa kile ni cha sufu au ni cha kuchanganya? Ni yeye. Na mtu asiye na hatia hufanya mzaha ndugu yake akipotelewa? Usiku ule nilijenga kesi nzima, na asubuhi nikaibomoa, kwa sababu mtu aliyekupa kitanda chake hakuibii koti. Kufikia mchana nilikuwa nimeijenga upya: alinipa kitanda kwa amri ya baba yake, na moyoni ananichukia. Nikamfikiria Mzee pia, kwa muda mfupi. Nilimwambia koti silioni, akajibu, "Eeh, nimesikia," akatabasamu na kuniuliza kama sina la kufanya. Nikasema sina. Akaonekana kusikitika kidogo.

Nilikuwa nao mezani kila jioni, nao walikuwa wananingoja. Niliona kabisa kwamba wananingoja, ila sikujua ni kwa jambo gani.

Mnadani

Siku ya mnada nilikwenda kulitafuta koti kwenye mitumba. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, nguo za Ulaya zilikuwa zinamwagwa pale kwa marobota. Palikuwa na vilima vya mashati, vilima vya suruali, na kilima kizima cha makoti. Nilifikiri, mtu akiiba koti na akitaka kulipoteza, atalitia humu, kama mtu anayeficha jani msituni.

Niligeuza makoti mpaka mgongo ukauma. Mara nikaliona: jeusi, vifungo viwili, bega limekaa vile vile. Nikalivaa. Lilinikaa sawasawa.

"Hili koti ni langu," nikamwambia muuzaji.

"Hongera. Lipia."

"Nasema ni langu. Limeibwa."

Yule muuzaji, mtu mnene aliyejifunga taulo shingoni, alisimama juu ya robota lake akawaita wenzake. "Njooni mwone! Huyu ndugu alikuwa Ulaya, ameacha koti lake kwa wazungu, limemfuata kwa meli mpaka Bariadi!"

Akanionyesha lebo ya ndani, yenye maandishi ya lugha nisiyoijua. Koti langu halina lebo. Fundi wa Voi hashoni lebo. Nikalivua, nikaondoka, na mtu mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Kaka, na hii sidiria si yako kweli? Iangalie vizuri!"

Nilirudi kwa miguu. Njiani nikaamua kwamba nitasema na Mama Holo atakaporudi. Mama ndiye angeweza kuuliza taratibu bila nyumba kuvunjika. Niliandaa maneno ya upole, yasiyomtaja mtu.

Mwano

Alirudi mchana, uso unang'aa, Holo amepata mtoto wa kike. Mzee alikuwa kwenye mizani ya pamba na Sayi alikuwa shambani. Nilimpongeza, nikampokea mzigo, nikangoja anywe maji. Kisha nikaanza.

"Mama, kuna jambo dogo. Sitaki likusumbue. Nimeibiwa."

Nilikuwa bado na maneno mengine mengi. Hakuyasubiri. Kikombe alikiweka chini, akatoka nje, akasimama katikati ya uwanja, akaweka kiganja karibu na mdomo.

Sauti ile sijui niielezeje. Ni ndefu, inapanda na kuvunjika juu, inashuka, inapanda tena. Nilimkimbilia nikisema mama ngoja, mama siyo hivyo, lakini tayari ilikuwa imepokewa ng'ambo ya shamba, na iliyopokewa pale ikapokewa mbali zaidi, mpaka nikaisikia inaondoka kuelekea upande ambao sijawahi kufika.

"Mama, ni koti tu!"

"Umesema umeibiwa," akanijibu. "Nikisikia neno hilo nikanyamaza, mimi na mwizi tuna tofauti gani?"

Walikuja. Walitoka kwenye pamba na vikapu viunoni, wenye marungu, wenye pinde na mishale, mmoja akiwa na povu la sabuni shavuni. Uwanja ukajaa, na mbele akasimama kamanda wa sungusungu, mtu mfupi wa makamo aitwaye Lugembe, mwenye filimbi shingoni. Mzee Nkwabi alifika mbio akihema. Sayi alifika, akaniona nilivyosimama, na uso wake ukabadilika.

"Nani kaibiwa?" Lugembe akauliza.

"Mgeni wetu," Mama Holo akasema.

"Kitu gani?"

"Koti," nikasema. "Koti jeusi. Vifungo viwili."

Kundi la nyuma likapisha njia. Jilala alikuwa anaingia na baiskeli, anachuruzika jasho, ana rungu mkononi, na amevaa koti langu.

"Mwizi kaelekea wapi?" akauliza.

Akatutazama mmoja mmoja, kisha akajitazama kifuani.

Sayi ndiye aliyenisogelea akaniambia haraka haraka, kwa sauti ya chini. "Yule ni mtani wako. Wewe ni mtoto wa mjomba wake. Anachukua kitu chako, na wewe unakwenda kuchukua chake. Alikuwa anakwenda ukweni, akapita hapa, akasema ngoja nimwamshe Mkenya. Tulikuwa tunakungoja uende kwake. Siku zote hizi tulikuwa tunakungoja!"

Kwetu pia tunataniana, lakini kwa mdomo. Sijawahi kuona utani wenye mikono.

"Jilala," Lugembe akasema, "hilo koti umelitoa wapi?"

"Kwa mtani wangu."

"Mwano umepigwa. Mwano hauna mtani." Akanigeukia. "Mgeni. Umesema umeibiwa. Huyu ni mwizi, au siyo mwizi?"

Kaka wawili wa msichana aliyekuwa anaposwa na Jilala walikuwa pale, kwa kuwa mwano huita kila mtu. Walikuwa wamelitazama koti lile likiketi sebuleni kwao na kusifiwa, na sasa walikuwa wanalitazama tena. Nikisema ndiyo, posa imekwisha hapo hapo, na Jilala ni yule mwanamume wa ndoo ya maji. Nikisema siyo, basi nyumba ya Mzee Nkwabi imewatoa watu wote hawa shambani kwa uongo, na faini ya mwano wa uongo nilishaisikia: dume la ng'ombe. Mzee ana maksai wawili wa kulimia. Maksai mmoja halimi.

Mzee akasema polepole, "Mwanangu, sema kilicho kweli. Dume si mtu."

"Siyo mwizi," nikasema. "Ni mtani wangu. Mimi ndiye sikujua."

Manung'uniko yakapita. Mmoja wa wale kaka akasema, "Mgeni anamwonea huruma tu. Mtani gani hajui ana mtani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Maneno yangu yalikuwa maneno tu. Basi nikafanya jambo ambalo nisingelifanya kama ningepata nafasi ya kulifikiria. Nilimwendea Jilala, nikaushika usukani wa baiskeli yake mpya kwa mikono miwili, nikaivuta.

"Basi hii ni yangu," nikasema. "Na kengele yake."

Alinikodolea macho. Nikaivuta mpaka mlangoni pa chumba changu, nikaiingiza ndani. Mguu wangu ulijigonga kwenye pedali na damu ikatoka, na nikatoka nje nikasimama mlangoni kama askari.

"Wee!" Jilala akapaza sauti, na sauti yenyewe ilikuwa nusu kilio. "Wee kichwa kikubwa! Baiskeli yangu nimeivunia miezi sita!"

"Kavune tena," nikasema. "Una koti la kuvunia."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Hata yule kaka alicheka, akageuza uso ili asionekane. Jilala alikuja mlangoni kunivuta, tukashikana mashati, au tuseme yeye alishika shati na mimi nikashika koti, na Mama Holo akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

Lugembe hakucheka. Alingoja mpaka wakanyamaza. Alisema Mama Holo hana kosa, amesikia neno na amefanya kama inavyotakiwa. Alisema mgeni hakujua. Lakini watu wameacha pamba, na mwano haurudi mdomoni. Faini ya ng'ombe aliiacha. Atoke mbuzi, amtoe Jilala, kwa kuwa utani wa ukimya ni nusu ya wizi, na mgeni atafute kuni na chumvi. Tulimla palepale. Wale kaka wawili walikaa karibu na Jilala, na mkubwa wao alimuuliza kama ukweni atarudi na koti lile lile au ataiba la kaunda suti.

Kurudi

Nilibaki mpaka pamba ikaisha. Jilala aliichukua baiskeli yake siku moja nilipokuwa naoga, na sabuni yangu akaenda nayo. Koti sikulichukua. Alioa nalo, na nilikuwapo. Najua mtasema ningeweza kulinyakua, na kwa sheria ya pale ilikuwa haki yangu. Sikutaka. Barua ya kuitwa kazini ikija nitakwenda na sweta.

Ila Sayi alikuwa amebadilika. Hakuninunia. Alinikaribisha chakula na kuniuliza kazi inaendeleaje, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mkaguzi. Mzaha alikuwa ameuacha. Niliwaza sababu nyingi, na ile ya kweli niliiweka mwisho kila mara.

Asubuhi ya kuondoka alinibebea mfuko hadi stendi.

"Siku hizi hunitanii," nikasema.

"Wewe ni ndugu yangu," akajibu. "Jilala ni mtoto wa shangazi. Yeye ukimkosea, anakuchukulia viatu, mnacheka, yameisha. Ndugu hana njia hiyo. Ndugu anaambiwa."

"Anaambiwa nini?"

"Wewe ndiye unayejua."

Nilikuwa na namna nyingi za kulisema.

"Nilidhani ni wewe," nikasema. "Siku zote zile. Umenipa chumba chako, na nilidhani ni wewe."

Alihamishia mfuko bega la pili. Kondakta alikuwa anaita Lamadi, Bunda, Musoma.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa ukinisikia napita, unanyamaza. Iliniuma sana."

"Pole, Sayi."

"Haya. Sasa umesema."

Nilidhani ataniachia mfuko pale chini. Badala yake aliingia ndani ya basi kabla yangu, na kupitia dirishani nikamwona amekaa kwenye kiti, anabishana na mtu mwenye kofia aliyekitaka.

"Hapana, mzee, tafuta kingine," alikuwa anamwambia. "Hiki ni cha mdogo wangu. Anakwenda mbali."